Gari la Kitimwendo Kutoka Uwanja wa Ndege: Mwongozo Kamili kwa Familia Inayokwenda Likizo

Kila msimu wa likizo malalamiko ni yale yale. Familia imetua, mizigo imetoka, dereva amesimama na kibao chenye jina lao. Wanatoka nje na kukuta gari kubwa, safi, lenye kiyoyozi, lakini halina rampu wala lifti. Waliuliza kabla? Waliuliza, wakajibiwa: "Ndiyo, watu wa vitimwendo tunawachukua." Wala hawakudanganywa. Aliyejibu alimaanisha kitimwendo kitakunjwa na kutiwa kwenye buti.

Kosa liko kwenye swali. "Ndiyo" ya kwenye simu haina rampu. Hapa chini kuna maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na mpangilio wa kuyauliza. Anza mwezi mmoja kabla ya safari ikiwezekana, kwa sababu kampuni nyingi zina gari moja au mawili tu ya aina hii, na mtu akikuwahi hakuna lingine gereji.

## Andaa hivi kabla hujapiga simu yoyote

- Futi ya kupimia, na mtu wa pili wa kukushikia ncha.
- Uzito wa kitimwendo kikiwa tupu (angalia kibandiko cha mtengenezaji au kitabu chake) na uzito wa mtumiaji.
- Picha tatu za kitimwendo: mbele, ubavuni mtumiaji akiwa amekaa, na nyuma.
- Aina ya betri, kama ni cha umeme: ya maji, ya jeli au ya lithiamu. Kama ni ya lithiamu, andika na saa-wati zake (Wh, kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri).
- Namba ya ndege, saa ya kutua na jengo la abiria mtakaloshukia.
- Idadi ya watu, masanduku, na umri wa watoto wanaohitaji viti vyao vya usalama.
- Anwani kamili ya mnakofikia, na jibu la swali moja: gari linaweza kusimama mlangoni, au kuna ngazi na mwinuko?

Viweke vyote kwenye ujumbe mmoja wa simu. Utauchomoa mara nyingi.

## Hatua ya 1: Amua atakaa wapi gari likiwa linatembea

Njia ni mbili tu, na kila kitu kinachofuata kinategemea hii.

Anahama. Mtumiaji anatoka kwenye kitimwendo na kukaa kwenye kiti cha gari, mwenyewe au kwa msaada, na kitimwendo kinakunjwa. Hapa huhitaji gari maalumu. Unachohitaji ni gari lenye kiti cha kimo kinachokaribiana na cha kitimwendo, na mlango unaofunguka kwa upana. Gari refu la kupanda kwa kidato, hata liwe la kifahari namna gani, ni tabu tupu kwa mtu anayehama. Nyumbani kwenu mmezoea gari lenu na mnajua pa kushika. La ugenini hamlijui.

Anabaki alipo. Anaingia na kitimwendo chake na kusafiri amekikalia. Basi lazima kuwe na rampu au lifti, sehemu ya kusimamisha kitimwendo, na mikanda ya kukifunga sakafuni.

Mwulize mtumiaji mwenyewe, usimwamulie. Na muulizane kuhusu hali atakayokuwa nayo baada ya safari ndefu ya ndege, siyo hali ya asubuhi akiwa ameamka vizuri. Mtu anayehama kirahisi nyumbani anaweza kutua akiwa amekakamaa, miguu imevimba na mikono haina nguvu. Kama kuna shaka, chagua gari la njia ya pili: ndani yake mtu anaweza kubaki kwenye kitimwendo au kuhama, lakini gari la njia ya kwanza halimpi nafasi ya kubaki, na hilo halirekebishiki ukiwa kando ya barabara.

Tahadhari mbili. Si kila kitimwendo kimetengenezwa ili mtu akikalie ndani ya gari linalokwenda. Vile vilivyojaribiwa kwa mgongano kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 7176-19 huwa na sehemu nne za kufungia zilizowekwa alama ya ndoano. Tafuta alama hizo kwenye fremu. Ya pili: skuta ya umeme yenye usukani si kiti cha kusafiria garini. Mwenye skuta ahamie kwenye kiti cha gari, na skuta ifungwe kama mzigo.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja, kwa mfano: "Atabaki kwenye kitimwendo chake cha umeme, uso ukielekea mbele."

## Hatua ya 2: Pima, na upime akiwa amekaa

Vipimo vya kwenye katalogi havitoshi, maana vinapima kitimwendo kitupu. Gari linapokea kitimwendo chenye mtu, mto wa kukalia, mfuko uliotundikwa nyuma na miguu iliyotokeza mbele.

Pima mambo manne:

1. Upana, kutoka ukingo wa nje wa pete ya gurudumu moja hadi wa pili, au sehemu nyingine yoyote inayotokeza zaidi.
2. Urefu, kutoka ncha ya vidole vya miguu hadi sehemu ya nyuma kabisa.
3. Kimo, kutoka sakafuni hadi utosini akiwa amekaa wima. Hiki ndicho kipimo watu wanachosahau, na ndicho kinachoharibu safari nyingi. Rampu inatosha, mlango unatosha kwa upana, lakini kichwa kinagonga fremu ya juu.
4. Uzito wa jumla: kitimwendo pamoja na mtu. Kitimwendo cha umeme peke yake kinaweza kupita kilo 100, na vile vizito hukaribia 200.

Marekani, lifti za magari ya abiria yanayofuata sheria ya usafiri wa watu wenye ulemavu hutakiwa kubeba angalau kilo 272, juu ya jukwaa la takriban sentimita 76 kwa 122. Usichukulie kwamba kila nchi ina kipimo hicho. Kitumie kama kigezo: kama kitimwendo chenu ni kipana au kirefu kuliko hapo, au uzito wa jumla unazidi, mjue mapema kwamba mnahitaji gari la pekee, na hilo lisemwe katika mstari wa kwanza wa ujumbe.

## Hatua ya 3: Hesabu viti upya

Gari la abiria wanane likiingiza kitimwendo kimoja halibaki la wanane. Mara nyingi safu nzima ya viti hukunjwa au kung'olewa ili kupisha nafasi hiyo, na buti hupungua kwa kuwa rampu hukunjwa humo humo. Familia ya watu sita inaweza kukuta watano tu wanaenea, bila masanduku.

Kwa hiyo usiulize "gari linabeba wangapi?" Uliza: "Kitimwendo kikiwa ndani na kimefungwa, vinabaki viti vingapi vyenye mikanda, na masanduku mangapi yanaingia?"

Watoto wahesabiwe kila mmoja na kiti chake. Kama unahitaji kiti cha mtoto kutoka kwa kampuni, taja umri, uzito na kimo chake. "Kiti cha mtoto" bila maelezo huleta chochote kilichokuwa stoo.

Ikionekana mtagawanyika kwenye magari mawili, amua mapema nani anapanda na mwenye kitimwendo. Awe mtu anayejua kukifunga, kukifungua na kukiondolea breki. Siyo lazima awe mkubwa kuliko wote, na wala asiachwe na dereva peke yake eti kwa sababu gari lake limebaki na nafasi ndogo.

## Hatua ya 4: Uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo

Sehemu za kutafuta ni nne: hoteli mnakofikia, kampuni za magari ya uwanja wa ndege, teksi za vitimwendo za mji huo, na vyama vya watu wenye ulemavu vya huko. Ningeanza na hivyo vyama. Wanajua gari lipi lina lifti inayofanya kazi na lipi lina lifti ya kwenye tangazo tu.

Hoteli isirukwe, hasa yenye gari la bure la kupokea wageni. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1990 ya Wamarekani wenye ulemavu, hoteli inayotoa gari la kupokea wageni inatakiwa kumpatia mgeni mwenye kitimwendo huduma inayolingana na ya wengine, kwa nauli na kwa muda wa kungoja. Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamkataza dereva wa gari lililoorodheshwa kuwa la vitimwendo kumtoza abiria nauli ya ziada kwa sababu ya kitimwendo chake. Kwingine sheria hutofautiana, ila kuuliza kwa sauti ya mtu anayejua kwamba haki zipo hakumgharimu mtu.

Tuma ujumbe kama huu, kwa maandishi:

> Habari. Tunatua [tarehe, saa, namba ya ndege, jengo]. Tuko watu [idadi], mmoja anatumia kitimwendo cha umeme na atabaki amekikalia garini. Kitimwendo pamoja naye: upana sm __, urefu sm __, kimo sm __, uzito wa jumla kilo __. Picha zimeambatanishwa. Masanduku __. Naomba mnijibu haya:
>
> 1. Kitimwendo kinaingiaje: rampu au lifti, kwa nyuma au ubavuni?
> 2. Mlango una kimo gani, na lifti inabeba kilo ngapi?
> 3. Kinafungwa sakafuni kwa nini, na nani anafunga?
> 4. Kuna mkanda wa kiuno na wa bega kwa ajili ya abiria mwenyewe?
> 5. Kikiwa kimefungwa, vinabaki viti vingapi?
> 6. Tukichelewa kutua, mnangoja muda gani na gharama ni kiasi gani?
> 7. Naomba picha ya gari lenyewe, milango ikiwa wazi na rampu au lifti ikiwa imeshushwa.

Swali la 3 ndilo kipimo halisi. Kampuni inayojua kazi itajibu bila kusita: mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, au mtambo wa kunasa kitimwendo sakafuni, na dereva amefundishwa kuutumia. Ukijibiwa "usijali, ana breki zake," tafuta kampuni nyingine. Breki za kitimwendo zinazuia kisiteleze sebuleni. Gari likifunga breki ghafla hazizuii chochote.

Jibu lingine la kukimbia ni "vijana wetu watambeba." Linatoka moyoni mara nyingi, nalo ni la hatari. Mtu akinyanyuliwa vibaya anaweza kuumia bega, mgongo au ngozi, na anayembeba pia anaweza kuumia. Na kitimwendo cha umeme cha kilo 150 nani atakibeba? Zaidi ya yote, anayebebwa ni mtu mzima mbele ya kadamnasi, na pengine hakuulizwa.

Ukipokea picha, tazama vitu viwili. Je, ni gari halisi lililopigwa kwa simu, au picha ya matangazo? Na je, mikanda ya kufungia inaonekana sakafuni? Ukiona majibu yote saba yenye namba, pamoja na picha, lipia na uhifadhi risiti. Majibu matano kati ya saba si nafasi iliyothibitishwa.

## Hatua ya 5: Liambie shirika la ndege, kisha jua msaada wao unaishia wapi

Familia nyingi hudhani kwamba zikiomba msaada wa kitimwendo kwenye tiketi, gari la nje nalo limepangwa. Hapana. Shirika la ndege na uwanja wanahusika na safari ya ndani, na msaada wao huishia uwanjani. Kutoka hapo hadi kwenye rampu ya gari ni jukumu lako kuunganisha.

Mashirika ya ndege hutumia alama tatu za kimataifa. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi, ila ndani ya ndege anajikongoja hadi kwenye kiti. WCHC anahitaji kusaidiwa hadi kwenye kiti chenyewe. Hakikisha tiketi ina alama sahihi. Ikiandikwa WCHR kwa mtu asiyeweza kusimama, mtakuta ngazi pale mlipotarajia gari la kunyanyulia, na saa nzima itapotea.

Toa taarifa saa 48 kabla au mapema zaidi. Katika Umoja wa Ulaya ndicho kipindi kinachotajwa na Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, na kwingineko pia ni muda wa busara. Kwa kitimwendo cha umeme, tuma aina ya betri na vipimo; baadhi ya milango ya mizigo ya ndege ndogo haipokei vitimwendo virefu.

Omba kitimwendo chenu kiletwe mlangoni mwa ndege mkitua, siyo kwenye mkanda wa mizigo. Sababu ni ya gari: kitimwendo cha uwanja ni cha kusukumia mtu ndani ya jengo tu. Hakina sehemu za kufungia na hakiruhusiwi kuondoka. Bila chenu, gari lenye lifti halina faida kwenu.

## Hatua ya 6: Panga saa na mahali pa kukutana

Mwenye kitimwendo kwa kawaida hushuka wa mwisho. Kisha kuna kungoja kitimwendo kitoke chini ya ndege, kuunganisha betri, pasipoti, mizigo, na choo. Kwa safari ya kimataifa mimi huanza na saa moja na nusu baada ya kutua, na saa moja kwa safari ya ndani ya nchi. Dereva aambiwe saa ya kutua na namba ya ndege ili afuatilie mwenyewe, lakini muda wa bure wa kungoja uanze kuhesabiwa baada ya kipindi hicho. Hili liandikwe.

Mahali pana mtego wake. Magari mengi yenye lifti yana paa refu, na maegesho ya ghorofa huwa na kizuizi cha kimo mlangoni. Dereva akisema "tukutane ghorofa ya pili ya maegesho," mwulize gari lake lina kimo gani. Rampu ya nyuma nayo inahitaji uwazi: hesabu kama mita tatu nyuma ya gari, pakiwa tambarare, bila gari jingine kuja kuziba. Rampu ya ubavuni inahitaji uwazi upande wake, na ukingo wa barabara unaweza kuifaa au kuikwamisha.

Usikubali "nje ya mlango wa kutokea." Viwanja vikubwa vina milango mingi, na familia yenye masanduku na kitimwendo haizunguki ovyo. Pata namba ya mlango, rangi ya gari, namba ya gari na simu ya dereva mwenyewe. Simu ya ofisini hailii usiku.

## Hatua ya 7: Thibitisha siku mbili kabla, ukiwa na mpango wa pili

Andika tena, usipige tu: "Nathibitisha gari lenye lifti, siyo gari jingine. Je, lifti imejaribiwa wiki hii?" Kampuni hubadilisha magari bila kufikiria, aliyepokea oda yako si yule anayegawa magari asubuhi.

Mpango wa pili ni namba mbili: teksi ya vitimwendo ya mji huo, na dawati la msaada la uwanja. Zichapishe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzima chaji pale pale unapoihitaji.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe, kuanzia mlango wa ndege hadi mkanda wa mwisho

Kagua kitimwendo kabla hujatoka eneo la mizigo. Kisukume, washa, zungusha, jaribu breki. Kama kimevunjika, ripoti hapo hapo kwenye dawati la shirika, upate fomu ya uharibifu yenye namba, na upige picha. Ukishapanda gari, madai yanakuwa magumu zaidi. Mpigie dereva pia umweleze, kwa sababu kitimwendo kibovu kinaweza kubadilisha namna ya kupanda.

Kwenye gari, fuata mpangilio huu:

1. Kwenye lifti, kitimwendo kiwe katikati ya jukwaa, breki zimefungwa, cha umeme kimezimwa. Mikono na vidole vya miguu viwe ndani. Kwenye rampu, mmoja asukume kwa nyuma, na asiwepo mtoto nyuma yake.
2. Kitimwendo kielekee mbele. Kukaa ubavu si salama gari likigonga.
3. Mikanda minne ishike kwenye fremu imara. Isifungwe kwenye magurudumu, sehemu za kuwekea miguu, wala kitu chochote kinachochomoka.
4. Kishike na ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita tano upande wowote, kifungwe upya.
5. Mkanda wa abiria upite chini kwenye nyonga, ndani ya sehemu za kuwekea mikono, na wa bega upite kifuani bila kukata shingo. Mkanda mdogo uliokuja na kitimwendo ni wa kukaa vizuri; usiuhesabu kama mkanda wa gari.
6. Meza ya mapajani, mifuko iliyotundikwa na chupa ya oksijeni vitolewe na kufungwa mahali pake.

Dereva akiwa na haraka, mwambie kwa upole lakini usilegeze: "Tunangoja hadi kitimwendo kisitikisike." Mwenye kitimwendo awe wa mwisho kukubali kwamba yuko tayari, na gari lisiondoke kabla hajasema.

## Hatua ya 9: Gari la kurudi lipangwe siku ile ile mlipofika

Kabla dereva hajaondoka, kama kazi yake imekuridhisha, chukua namba yake na umwulize kama siku ya kurudi yuko kazini na gari lile lile. Hesabu muda kinyumenyume kutoka saa ya ndege: saa tatu uwanjani kwa safari ya kimataifa kama kuna kitimwendo cha umeme, kwa kuwa ukaguzi wa betri huchukua muda, ongeza safari yenyewe, ongeza nusu saa ya kupakia na kufunga. Asiporudi yule yule, tuma upya ujumbe wa hatua ya 4 pamoja na kuomba picha ya gari, hata kama kampuni ni ile ile.